Shikamoo, Mkaratusi

Jumatatu, 3 Oktoba 1988. Ihanda.

Leo nimeuamkia mti. Shikamoo, nimeuambia, kisha nikageuka upesi kuona kama kuna aliyesikia. Hakuna. Lakini ningefanyaje? Mama Hilda kasema ulipandwa na marehemu baba yake huko kwao Australia, mimi sijazaliwa bado. Mkubwa ni mkubwa.

Na ni mkaratusi. Mkaratusi, jamani! Miti ileile tunayootesha hapa kitaluni, ambayo ukiipa mgongo kidogo tu ukigeuka ni nguzo. Huu unakaa ndani ya bakuli la udongo na haunifiki gotini. Shina limekunjamana kama shingo ya mzee. Matawi yamezungushiwa waya wa shaba. Mama Hilda anauita bonsai. Mimi nauita balaa, lakini kimoyomoyo.

Mambo yalikuwa hivi. Mama Hilda ndiye mkuu wa kitalu hiki cha misheni, na anakwenda Nairobi kutibiwa mgongo. Alituita mimi na Gaudiosus, akauliza nani kati yetu amewahi kupogoa mti wa namna hii na kuubadilishia udongo. Gaudiosus akafungua mdomo. Nilimwona akiufungua! Nikamwahi. Nikasema kwetu Kibingo kazi hii tumeifanya tangu babu. Babu yangu alichunga ng'ombe wa watu, hakuwahi kupanda hata kitunguu. Mungu anisamehe.

Akirudi atachagua nyapara. Nyapara anapata ile nyumba ya bati ya kitaluni. Mke wangu Dafroza ana mimba ya kukaribia kujifungua, na nyumba yetu ya nyasi inavuja hadi kitandani. Mtoto wangu azaliwe ndani ya maji kama kambare? Hapana. Nyumba ile ni yangu.

Mama Hilda alinipa maelekezo marefu. Mvua zikishika, mti utolewe bakulini, mizizi ipunguzwe, urudishwe. Mengine sikuyasikia vizuri, nilikuwa naangalia Gaudiosus anavyonuna. Raha! Kulikuwa na neno theluthi. Theluthi ya nini, sijui. Na kuna kitu alikataza, akikitikisia kidole. Hicho nacho sikukinasa.

Jumatano, 5 Oktoba.

Mama Hilda ameondoka. Mti nimeuleta nyumbani. Kitaluni kuna Gaudiosus, na Gaudiosus ana mikono.

Nimeuweka juu ya meza. Dafroza akauliza mti unaumwa nini. Nikasema hauumwi, umetengenezwa hivyo. Akauliza umetengenezwaje. Nikaeleza: mizizi inakatwa, matawi yanafungwa, ukitaka kuinuka unakatwa tena, basi unazeeka bila kukua. Dafroza akaacha kula. Akashika tumbo lake kwa mikono miwili.

Jirani yetu Mbonimpa naye kaja kuona. Akauzunguka. Akasema kule Burundi alikozaliwa hajaona kitu kama hiki, na hapa Karagwe hajaona, na asingependa kukiona tena. Akaniuliza kama sina hofu, mke akiwa katika hali ile. Nikacheka. Nikamwambia aache ushamba. Alipoondoka nimeugeuza mti ukatazama ukutani.

Ijumaa, 7 Oktoba.

Mvua! Nimesubiri Dafroza aende mtoni, nikafunga mlango, nikautoa bakulini. Mizizi imesokotana kama nywele za mtu aliyetoka porini. Nikachukua mkasi. Theluthi. Nikaanza na theluthi ya chini. Halafu nikajiuliza, huenda alisema theluthi ya pembeni. Nikakata na ya pembeni, kwa usalama. Kilichobaki kilinitia wasiwasi.

Hapo ndipo nikasikia hodi. Gaudiosus! Nimeufunika mti kwa shuka, nikausukuma uvunguni, nikamkaribisha. Eti amekuja kuwasalimu wagonjwa. Nikasema hapa hakuna wagonjwa. Akasema basi vizuri, akakaa. Akaomba rubisi. Ukimnyima mgeni pombe ya ndizi, kesho Ihanda nzima inajua. Nikamtilia. Akanywa kwa midomo ya kuku. Akasifu pombe. Akasifu kibuyu. Akauliza mti uko wapi, nikasema unapumzika. Jasho linanitoka, mizizi iko uchi kule chini, inakauka kwa hewa. Yule bwana alikaa hadi mvua ikakatika!

Alipotoka nimeurudisha haraka. Mama Hilda aliacha mchanga na kokoto za kuweka bakulini. Mchanga! Huwezi kumlisha mzee wa watu mchanga. Mgomba ukidhoofika tunaupa samadi, na haujawahi kulalamika. Nimeupa samadi ya ng'ombe, iliyoiva, na majivu juu yake, na nyasi za kutandaza. Nimeulisha vizuri kuliko ninavyokula mimi.

Sasa nimekumbuka kile alichokuwa akikitikisia kidole. Ilikuwa samadi.

Jumapili, 9 Oktoba.

Majani yamelegea. Nimekwenda kanisani na kumwomba Mungu bila kutaja jina la mmea, nisije nikamchanganya.

Niliporudi nikaona niupunguzie mzigo. Mti wa kahawa ukizidiwa unaukata kichwa, unachipua. Nikakata kichwa. Ukabaki kama mtu aliyenyolewa na adui. Nilikuwa bado nimeshika mkasi, nikasikia lori la ndizi limesimama barabarani, na kutoka kwenye lori, nani? Mama mkwe wangu, Kokubanza, kutoka Isingiro. Habari zimemfikia kule kote! Zimepita mdomo gani, najua.

Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala habishani naye. Nikainama, shikamoo mama, macho chini. Kwa hiyo nilichoona ni miguu yake tu. Miguu ikaenda kwa mti. Ikasimama. Ikaenda kwa Dafroza. Ikasimama. Ikarudi kwa mti. Kisha nikasikia sauti yake, ndogo kabisa, ikiuliza ni nani aliyeufunga. Nikasema ni wazungu, mama. Akauliza na anayeukata sasa ni nani. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu.

Akasema mtoto wake hatajifungulia katika nyumba yenye kiumbe kilichokatazwa kukua. Akafunga nguo za Dafroza. Masharti yake ni mafupi: mti ufunguliwe waya, uwekwe ardhini, unyooshe miguu. Siku hiyo nikachukue mke. Dafroza alilia. Alitaka nimzuie. Nilitazama tu vidole vya miguu ya mama mkwe. Lori likaondoka nao.

Jumatatu, 10 Oktoba.

Naogopa. Nitaandika tu, maana hakuna wa kumwambia.

Nilikuwa nacheka. Sasa nyumba ni tupu, nimekaa na kale kazee, tunatazamana. Nawaza: je, kama ni kweli? Mtoto wangu azaliwe atoshe kwenye sufuria? Aote ndevu na bado nambeba mgongoni? Nimejisemesha kwamba huu ni ushamba, mimi nimesoma hadi darasa la saba. Darasa la saba halijanisaidia. Jani moja limeanguka nikiwa natazama. Nimeliokota nikajaribu kulirudisha.

Nikiutoa mti, nakosa unyapara na nyumba. Nikiuweka, nakosa mke, na mtoto ndiyo hivyo tena. Lakini mimi si mtu wa kushindwa na mmea. Nimepata mpango! Nitaupeleka Isingiro, nitaupanda mbele ya mama mkwe, nitachukua mke wangu. Wiki ijayo nitakwenda kusalimia na kikapu kitupu, na nitarudi na kikapu kizito. Mama Hilda atakuta mti bakulini. Kila mtu atafurahi. Wakati mwingine najishangaa mwenyewe.

Jumatano, 12 Oktoba. Isingiro.

Mambo yameharibika.

Fidele, dereva wa lori la ndizi, alinipakia mbele. Mti nimeupakata njia nzima kama mtoto. Tulipofika, mama mkwe alikuwa ameshaita majirani. Nikafungua waya mbele yao. Nikachimba shimo pembeni ya migomba, nikaupanda, nikatia mchanga ule wa Mama Hilda, safari hii kwa adabu. Watu wakaguna kwa kuridhika. Nilikuwa nahesabu tayari siku ya kurudi na kikapu.

Ndipo mama mkwe akatoka nyuma ya nyumba na miche ya mlamula.

Ambaye si wa huku hataelewa kwa nini mpango wangu ulikufa hapo. Mlamula ni mmea wa mipaka. Ugomvi ukiisha unapandwa, na ukishapandwa kesi imekwisha, hata wajukuu hawaifufui. Anayeung'oa hang'oi mmea, anang'oa neno la watu wote waliokuwepo. Akapanda mmoja kulia kwa mkaratusi, mwingine kushoto, akamwaga rubisi katikati. Akasema kiumbe hiki kimefunguliwa, na atakayekigusa tena amemgusa mjukuu wake. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Nikasema basi, mama, nimchukue mwenzangu. Akasema polepole. Kwanza mti utoe jani jipya, ili ijulikane kama umetusamehe. Jani jipya! Mti niliokwisha kuukata mizizi pande zote, nikaukausha, nikaulisha samadi, nikaukata kichwa! Dafroza alinisindikiza hadi barabarani, anatembea kwa shida. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama mti ulikuwa mzima nilipouleta. Nikamwambia ni mzima kabisa. Aliniamini, na hilo ndilo linaniuma.

Jumapili, 16 Oktoba. Ihanda.

Bakuli haliwezi kukaa tupu. Gaudiosus amepita mara kadhaa akirefusha shingo.

Nimechagua mche wa mkaratusi kitaluni, mmoja uliokanyagwa na mbuzi, tayari umepinda kwa hiari yake. Nimeukata huku na huku. Waya wa shaba sina, mama mkwe alibaki nao. Nimetumia waya wa breki ya baiskeli. Nimekunja shina mpaka likafanana na uzee. Kwa mbali unapendeza. Kwa karibu ni mbuzi aliyenyeshewa. Mama Hilda ana miwani, huenda akaisahau Nairobi.

Baiskeli sasa haina breki. Mteremko wa kanisani nimeushuka kwa kupiga kelele. Wazee wa usharika wamenipisha.

Jumamosi, 22 Oktoba.

Fidele kapita na ujumbe. Hakuzima hata injini. Mkaratusi umepukutisha majani yote, umebaki kijiti. Mama mkwe haongei na mtu. Dafroza ameanza kuumwa kiuno, mkunga ameitwa, na Dafroza mwenyewe ameagiza niende.

Sikumbuki nilivyorudi ndani. Nimepiga magoti palepale sakafuni. Sikuzunguka safari hii, nimetaja majina yote. Nimesema Baba, mti nimeuua mimi, Dafroza hakushika mkasi, mtoto hakushika mkasi. Uchukue unyapara, uchukue nyumba ya bati, mpe Gaudiosus, lakini niachie hao. Nimeahidi kusema ukweli kwa Mama Hilda na kutodanganya tena katika maisha yangu. Nimelia kamasi zikanitoka. Naandika hili ili lijulikane kwamba niliahidi.

Lori la Isingiro halipo mpaka Jumatatu.

Jumatatu, 24 Oktoba.

Nimekwenda barabarani mapema kungojea lori. Limesimama gari la misheni. Ndani yake, Mama Hilda! Mgongo umepona upesi. Kwa nini mgongo wa watu wengine haufanyi hivyo?

Amenisalimu kwa furaha na kuomba kwanza kabisa aonyeshwe mti. Tukaenda nyumbani, na Gaudiosus nyuma, hakuna aliyemwita. Mama Hilda akasimama mbele ya bakuli. Miwani alikuwa nayo. Hakuugusa. Akaniuliza kwa upole, Anastazi, huyu ni nani?

Nilikuwa nimeahidi. Mungu ni shahidi kwamba ahadi ilikuwa mdomoni, mlangoni kabisa. Lakini kilichotoka ni kwamba mikaratusi hujivua magome, mama, kila mtu anajua, na huu umejivua hadi ukawa kijana. Gaudiosus akacheka mpaka akashika ukuta. Mama Hilda hakucheka. Akaketi kwenye kigoda chetu. Akasema baba yake aliukata mti ule kila mwaka mpaka mikono ikamtetemeka, kisha akamshikisha yeye mkasi. Hana kitu kingine cha baba yake. Akauliza tena, uko wapi.

Nikasema. Yote. Theluthi, samadi, shuka, mlamula, Dafroza. Na kwamba mkunga ameshaitwa. Akasimama, akachukua ufunguo wa gari. Akasema twende.

Jumanne, 25 Oktoba. Isingiro.

Tulifika jana jioni. Nilisikia kelele kutoka ndani ya nyumba kabla gari halijazimika. Nilishikilia mlango wa gari. Ilikuwa sauti ya mtoto. Sauti nene, ya mtu aliyedhulumiwa!

Msichana. Mkunga amenitolea nje, na mikono yangu ikashuka kwa uzito. Mashavu! Mapaja! Nimemnyoosha miguu, yote miwili, ni mirefu. Nimemkunjua vidole. Mkunga akaniuliza natafuta nini. Dafroza amechoka lakini anacheka. Nimelia mbele ya mama mkwe, na kwa kuwa tulikuwa tunatazama chini sote wawili, nadhani naye alikuwa analia.

Asubuhi hii Mama Hilda alikwenda kwa mti. Kijiti kikavu kati ya milamula miwili. Akapiga magoti kwenye matope, mzungu mzima, na mgongo ule. Akafukua taratibu kwa vidole pale shina linapoingia ardhini, kwenye nundu iliyofukiwa. Kisha akaniita. Machipukizi! Madogo, mekundu, yamejipanga kama meno ya mtoto. Akasema kwao moto hupita msitu mzima ukawa majivu, lakini mkaratusi huficha uhai wake katika nundu hiyo, na mvua ikija huanza upya. Mama mkwe akasogea, akaona. Akauliza yametokea lini. Mkunga akajibu kwamba jana hayakuwepo. Basi! Yamezaliwa pamoja na mjukuu wake, na hakuna atakayemwondoa mama mkwe hapo.

Mama Hilda akaniomba jembe. Mama mkwe hakumzuia, akanyoosha tu kidole kwenye milamula. Mama Hilda akaniuliza maana yake. Nimemweleza yote bila kupunguza, hata lile la mjukuu. Akapangusa miwani. Mwishoni akasema asiyejua kuukata asirudishiwe mkasi, akanitazama. Kisha akasema mti ubaki. Aruhusiwe tu kuja kuuona. Mama mkwe akajibu kwamba ndugu haombi ruhusa, anakuja tu, na akija alete sukari. Mimi ndiye niliyetafsiri, maana mama mkwe anaongea kilugha. Neno la sukari nililiruka, mama mkwe akalirudia.

Jumapili, 13 Novemba. Ihanda.

Gaudiosus ndiye nyapara. Anakaa nyumba ya bati. Mimi najaza udongo kwenye mifuko, naye anapita nyuma yangu akisema Anastazi, samadi hapana. Lakini Dafroza na mtoto wamerudi nyumbani, paa nimeliezeka upya, na Mama Hilda ametusaidia nyasi. Mtoto ananenepa. Mkaratusi, Fidele anasema, umeshanifika gotini na unaendelea. Nimekoma, nimemwambia Dafroza. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimefika mwisho wake.

Leo baada ya ibada kuna mgeni wa misheni, bwana mmoja mnene wa huko Bukoba, alikuwa akipita kitaluni. Akaliona bakuli la Mama Hilda kule nyuma ya banda, nilikolirudisha. Ule mche wangu wa mbuzi! Nilikuwa nimeusahau. Umechipua pande zote, na waya wa breki umeingia kwenye gome, hata mimi nilishangaa ulivyokuwa na heshima. Bwana yule akapiga mluzi. Akauliza nani hapa anajua kazi hii. Anataka miti kama hiyo barazani kwake, na atampa mtu huyo chumba na kazi ya kudumu.

Gaudiosus akafungua mdomo.

Nikamwahi. Nikasema kwetu Kibingo tumeifanya tangu babu.

Bakuli liko hapa nyumbani sasa, uvunguni, upande alipolala mtoto, maana ndipo pakavu. Nimelifunika shuka. Sina hofu. Ule wa kwanza ulikuwa mzee, na wazee wana mambo yao. Huu hauna hata mwaka. Huu ndio utakaoniamkia mimi.

Nje lori la ndizi limesimama. Naona miguu ya mama mkwe inashuka.